Mnazi Niliopandisha Mlimani

Kila nikitoka msikitini nashikwa kanzu. "Haya, Bakari, huko milimani kulikuwaje? Mnazi umeshika?" Nimesimulia mara nne sasa, na kila mara anatokea mtu katikati ya habari anataka nianze upya. Koo limenikauka. Basi nimeandika hapa mara moja, anayejua kusoma awasomee wenzake, na miye niachwe nipumzishe magoti.

Mwanzo wake mnaujua. Binti yangu Zaina, mke wa Athumani, yule fundi seremala Msambaa aliyekuja kutengeneza milango huku Pangani akaondoka na mwanangu, alijifungua mtoto wa kiume siku ya Jumatatu, kwa wakwe zake huko juu ya Mlalo. Simu ikatufikia Jumanne. Mke wangu Mwanahamisi alipiga vigelegele viwili tu, akanigeukia. "Baba Zaina, kitovu hakijaanguka bado. Una siku sita, zikizidi saba."

Sisi watu wa Bweni kila mmoja ana mnazi wake, na chini ya mnazi huo kimezikwa kitovu chake. Mtu akisafiri, mama yake huutazama ule mnazi, akiuona umenawiri roho yake inatulia. Zaina anao wake nyuma ya jiko letu. Tangu mimba yake ina miezi saba alikuwa akituma maneno kwa kila anayeshuka: mwambieni baba alete mnazi wa mwanangu. Mke wangu miguu ilikuwa imemvimba, hawezi safari. "Mtoto asiye na mnazi ni mtoto wa wapi?" akaniuliza.

Nikachagua nazi iliyochipua vizuri, majani matatu, kijani safi. Nikalikata debe nusu, nikalijaza mchanga wa shamba letu, nikachanganya viganja viwili vya chumvi ya mawe kama tufanyavyo katika mashimo yetu ya minazi, nikauketisha mche humo. Nilipolinyanyua debe nikajua nimejitakia balaa.

Bweni hadi Tanga

Jumatano alfajiri nilivuka mto kwa pantoni, debe begani. Basi la Tanga likaondoka saa tatu badala ya saa moja, maana dereva alikuwa na shemeji yake wa kuagana naye na shemeji hakwisha maneno. Mbele kidogo magurudumu yakazama katika kichanga. Tukashuka wote, tukasukuma. Mchanga ule mweupe naupenda mtu akiupanda minazi na mihogo, ila siku ile niliutukana, Mungu anisamehe. Tulikata makuti tukatandika chini ya magurudumu, tukasukuma tena. Mwenye debe ni mimi peke yangu, na kila tuliposhuka nilishuka nalo, kwa kuwa mama mmoja alikuwa na mbuzi ndani ya basi na mbuzi yule alikuwa ameshautazama mche wangu mara mbili.

Tukaingia Tanga jua linazama. Bega la kulia lilikuwa halihisi kitu.

Mabawa

Nilifikia Mabawa kwa shemeji yangu Hemedi, kaka yake Mwanahamisi. Gari la moshi lilikuwa liondoke kesho yake saa sita mchana. Nilimwambia Hemedi usiku, nikamwambia asubuhi, nikamwambia mkewe pia. Wote wakasema, "Hapana shaka, shemeji."

Saa nne mkewe akaanza kukuna nazi. Nikasimama na debe langu. Hemedi akanishika mkono. "Shemeji, utatoka nyumbani kwangu na njaa? Dada yangu akisikia atasemaje?" Nikakaa. Saa tano wali haujapaliwa makaa. Nikasimama. "Dakika moja tu, shemeji, samaki anageuzwa." Nikakaa. Mnajua wenyewe, mtu huwezi kutoka ugenini chakula kiko jikoni, watakuhesabu umewadharau mpaka kufa. Nilikula wali wa nazi na changu wa kupaka nikiwa na machozi, na chakula, wallahi, kilikuwa kitamu. Wakati nanawa mikono tukasikia king'ora cha gari linaondoka.

"Kesho lipo?" nikauliza.

"Kesho halipo," akasema Hemedi kwa utulivu. "Keshokutwa, Jumamosi. Tumefurahi sana, utapumzika."

Sikupumzika. Niliketi barazani siku mbili nikiunyunyizia mche maji na kuhesabu kwa vidole: Jumatatu kazaliwa, Jumatatu ndiyo siku ya saba. Nilimkasirikia Hemedi mpaka nikachoka, na hasira ilipokwisha nikajikasirikia mwenyewe, maana ningeweza kusema hapana.

Gari la moshi hadi Mombo

Jumamosi nikapata nafasi daraja la tatu, karibu na dirisha, debe baina ya miguu. Ubavuni mwangu alikaa bibi mmoja wa Kibondei aliyekuwa akirudi Muheza na vikapu vyake vitupu vya machungwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla ya marahaba haijaisha alishatia kidole ndani ya debe langu na kukilamba.

"Chumvi!" akasema. "Baba, unakwenda kuua nini na mchanga huu?"

"Siui, bibi. Napeleka mnazi kwa mjukuu wangu. Mlalo."

"Mlalo ya huko milimani, au iko nyingine?" akauliza.

Tulipovuka Pongwe ardhi ikaanza kubadilika. Kichanga kikatuacha, ukaja udongo wa kijivujivu, halafu ukaja mwekundu, mwekundu kabisa, na juu yake mkonge umepangwa safu hadi macho yanauma. Tangu bei ya mkonge ipande wameufikisha mpaka kando ya reli. Bibi akanionyesha vilima vya kwao. "Huu wetu hauna ubishi. Machungwa, mahindi, migomba, kahawa chini ya vivuli. Tatizo lake ni nguo. Ukifua mara kumi bado wekundu umo." Nikamwambia kwetu mchanga hauchafui nguo hata kidogo. "Wala haushibishi," akanijibu, tukacheka.

Alipokuwa akishuka Muheza aliniachia chungwa moja na neno moja. "Baba, usinune. Ukifika mbele huko, hesabu minazi." Sikumwelewa. Baadaye nikajikuta nahesabu. Muheza minazi ilikuwa mingi. Kufika Mnyuzi ikawa mmoja mmoja. Korogwe, pale mtoni penye udongo mweusi wa mafuriko, mahindi yamesimama juu ya kichwa cha mtu na mpunga umejaa mabondeni, niliona minane. Toka hapo hadi Mombo nikaona miwili, na mmoja haukuwa na nazi. Nilivuta shuka nikajifunika, kana kwamba nisipotazama itaongezeka.

Mombo hadi Lushoto

Mombo ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ya Jumapili udongo wa pale, ule mweusi wa mbuga, ulikuwa umegeuka gundi. Unapiga hatua, kiatu kinabaki. Unainama kuvuta kiatu, cha pili nacho kinabaki. Mwenye mgahawa alinieleza kwamba kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima, na masika hunywa maji mpaka mpunga unakua wenyewe. Nikamwuliza kama kuna mtu amejaribu minazi mingi. Akajibu kwamba yeye huuza chai.

Basi la mlimani halikupanda siku ile kwa ajili ya utelezi. Nilikunywa chai ya tangawizi vikombe vitano, nikala mkate wa jana, nikawatazama watu wanavyokwangua viatu vyao kwa vijiti. Kwetu Bweni nilikuwa nikitoka shambani napiga miguu chini mara mbili, basi.

Jumatatu tukapanda. Jamani, ile barabara! Kushoto mwamba, kulia hakuna kitu. Kila kona abiria tunasoma shahada. Na baridi inaongezeka kona kwa kona, mpaka kufika Soni nilikuwa nimevaa kanzu mbili na koti kuukuu nililouziwa na abiria mwenzangu. Nilipotazama debe, jani moja la mnazi lilikuwa limeanza kupata wekundu nchani. Nikajidanganya kuwa ni vumbi, nikalifuta kwa kidole. Halikufutika.

Kwa miguu

Siku ya Jumanne gari lililotoka Lushoto lilinishusha njia panda, nikaambiwa kwa Athumani ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikakata fimbo, nikapandisha.

Mimi ni mkulima, siwezi kupita kando ya shamba nisilitazame. Na mashamba ya kule yananing'inia ubavuni mwa mlima, mahali pengine udongo mwekundu uliochoka, mvua imeuchuna, pengine chini ya msitu udongo mweusi unaonukia. Maharage, viazi mviringo, migomba kila nyumba. Nilikuwa nikisimama, nachomeka fimbo, nachukua udongo kiganjani, nanusa, natia kidogo ulimini, natema. Nilitaka tu kujua kama mche wangu una nafasi.

Kina mama waliokuwa wakilima waliacha kulima. Niliwaamkia, wakaitika chinichini. Nikauliza, "Mama, hapa mnapanda nini? Mteremko huu maji hayawachukulii udongo?" Wakatazamana. Nikauliza njia ya kwa Athumani seremala. Mmoja akanionyesha kijia cha chini, kwa heshima sana, wenzake wote wakaunga mkono kwamba ndicho.

Nikakishika kijia hicho mpaka alasiri. Kilinishusha bondeni, kikanivusha kijito, kikanifikisha katika bonde jingine kabisa. Nililiweka debe chini nikakaa juu ya jiwe, na kwa kweli nililia kidogo. Mtu mzima, mwenye mvi. Na mjukuu wangu ana siku nane.

Mzee mmoja aliyekuwa akifunga uzio wa ng'ombe akaja. Nilipomsimulia akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba, umewatisha. Umevaa koti, una fimbo, unachimba udongo unanusa, unauliza maji ya mvua. Wamejua wewe ni mtu wa matuta."

Akanieleza habari yote. Bwana shamba na watu wake walikuwa wakipita kila wiki kuwalazimisha wachimbe matuta ubavuni mwa mlima ili udongo usiporomoke, kazi ngumu, mwezi mzima mtu analima ukingo badala ya chakula, na asiyechimba anapelekwa barazani kutozwa faini. "Sasa wewe unauliza nyumba ya mtu. Ungekuwa wewe ungeonyesha?"

Nikasema nisingeonyesha. Alinilaza kwake, akanipa makande na ndizi za kuchemsha. Chakula cha moto, cha ukarimu, lakini tui la nazi hakuna, na ndipo nilipong'amua moyoni kwamba tangu Mombo sijaonja nazi wala sijaona kifuu cha nazi kimetupwa mahali popote.

Kwa wakwe

Jumatano kabla ya adhuhuri nikafika. Siku nane njiani. Zaina alitoka mlangoni amejifunga mashuka mawili, amekonda, akapiga magoti. "Shikamoo baba." Kisha akaliona debe, akaliinamia, akayashika yale majani kwa vidole viwili.

"Kitovu kimeanguka Jumapili," akaninong'oneza. "Nimekificha. Wamenisema siku tatu, nikasema baba anakuja."

Mama yake Athumani alikuwa amesimama barazani. Mama wa makamo, mpole wa maneno, uso umefunga. "Karibu, Baba Zaina. Tumekungoja." Nikaelewa lile lililokuwa ndani ya neno hilo. Kwao kitovu huzikwa kwenye mgomba, tena siku ileile kinapoanguka. Alikuwa ameshachimba shimo tangu Jumapili. Mvua ilikuwa imelijaza mara mbili, na mara mbili alikuwa ameyachota maji yake. Athumani naye, maskini, alikuwa akitazama randa yake kama hajawahi kuiona.

Nilimwona mtoto kwanza. Ana paji la uso la mke wangu. Sina zaidi la kusema hapo.

Kisha Zaina akanichukua nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa amepapalilia kwa mikono yake, siku za uzazi hizohizo, kwa ajili ya mnazi. Nikaomba jembe. Nikachimba mpaka magotini. Nimelima miaka arobaini, sijapata kushika udongo mzuri kama ule. Mweusi, tifutifu, unaingia kidole mpaka mwisho. Na ulikuwa baridi. Niliutia mkono humo mchana, jua limewaka, na mkono ukafa ganzi. Palepale nikajua. Tatizo halikuwa udongo. Baridi ile haiupi mnazi hata mwaka mmoja.

"Zaina," nikasema, "hautashika."

"Utashika. Umeweka chumvi?"

"Nimeweka. Hautashika, mwanangu. Tangu Mombo hakuna mnazi."

"Upande tu, Baba."

"Nikiupanda utakufa mtoto akiwa anatambaa. Siku hiyo akishikwa na homa, wewe utalala? Mama yako nitamwambia nini?"

Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. "Basi kichukue. Kakizike Bweni, kando ya mnazi wangu."

Nikakipokea. Hakina uzito wowote. Nami nasema kweli, nilitaka. Nilitaka sana. Nilimwona Mwanahamisi anafungua fundo lile, nikaona mche mwingine nyuma ya jiko, nikajiona kila asubuhi naumwagilia. Nilipoinua macho, mama yake Athumani alikuwa pembeni mwa nyumba, amesikia yote. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na macho yamejaa.

"Zaina," nikasema, "unataka kurudi nyumbani? Sema kweli. Kama mume anakutesa nitakubeba leo hii."

"Hanitesi. Sitaki kurudi."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki mnisahau!" Akalia kwa sauti, kilio cha kitoto kabisa.

"Tukusahau!" Hasira zikanipanda. "Nimebeba debe la mchanga siku nane, bega limechubuka, nimekosa gari kwa ajili ya mjomba wako na samaki wake, nimepotezwa mlimani nikadhaniwa mtu wa serikali, halafu wewe unaniambia tutakusahau?" Akacheka ndani ya kilio. Nami nililia, sikujificha. Nikamwambia lile lililokuwa linanichoma: kitovu kikienda Bweni, kila mtoto akikohoa atasema ampeleke kwao, na kwao kutakuwa si hapa. Atakaa katika nyumba hii miaka yote na mzigo wake umefungwa mlangoni. Na mtoto naye atajifunza hivyo.

Nikamgeukia yule mama. "Mama Athumani, shimo lako liko wapi?"

Tukaenda wote. Zaina akanishika mkono wa koti. "Basi mwagia mchanga wa nyumbani, Baba. Kidogo tu, humo shimoni."

"Siwezi."

"Hata mchanga?"

"Una chumvi, mwanangu. Utaunguza mgomba."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nimebeba udongo wa kwetu toka baharini mpaka mawinguni, na wenyewe nimeutia sumu kwa mkono wangu. Mama Athumani alinitazama, akamtazama mkwewe, akachukua jembe akampa Zaina. "Fukia wewe, mwanangu. Mtoto ni wako." Nikakiweka kitovu shimoni, tukasimamisha mche wa mgomba juu yake, Zaina akafukia. Mchanga nikaumwaga njiani, mbali na mizizi, na ile nazi tukaivunja, watoto wa jirani wakagombea joya lake, ile nyama laini tamu ya ndani, kwa kuwa hawajapata kulionja.

Kurudi

Kurudi kulinichukua siku nne. Mtu asiye na mzigo anafika. Kwa Hemedi sikupita.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakuniamkia wala kunipokea koti. "Umepanda?"

"Tumepanda mgomba," nikasema, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Akaingia ndani. Siku mbili alinipikia bila kusema nami, ananiwekea sahani, anaondoka. Nilimwacha. Nilikuwa nimechoka hata kwa kugombana.

Siku ya tatu nikiwa nimejinyoosha juu ya mkeka akaja akakaa miguuni pangu, akaanza kunikanda goti.

"Mnazi unazaa baada ya muda gani?" akauliza, na yeye ndiye aliyezaliwa chini ya minazi.

"Miaka sita. Saba."

"Na mgomba?"

"Kule kwa baridi ile, mwaka na nusu. Labda miwili."

Akahamia goti la pili. "Miaka saba sijui kama ninayo," akasema. "Miwili ninayo. Mkungu wa kwanza nitaukata mimi."

Nikamwambia njia ni ndefu, na miguu yake anaijua. Nikamwambia habari ya kichanga, habari ya gundi ya Mombo, habari ya zile kona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Zaina aliipita njia hiyo akienda kwa mumewe, analia," akasema. "Mimi nitashindwaje, nami nakwenda kumwona?"